Jibu: Sili walio chini ya barafu wanahesabiwaje?

Ndugu, umeuliza idadi ya sili (wanyama wa baharini wanaonyonyesha) wa Antaktika inajulikanaje ilhali wengi wako majini. Hawahesabiwi wote. Baadhi huvishwa alama, kisha watafiti hurudi kutazama.

Tuseme umewavisha 100. Baadaye unaona 80, na 20 kati yao wana alama, yaani robo. Basi wale 100 nao ni kama robo ya wote: takriban 400.

Hesabu ni nyepesi; kazi ni kuilinda isidanganye. Huko Erebus Bay, ghuba ya Antaktika, sili wa Weddell, aina mojawapo ya sili, wanafuatiliwa tangu 1968. Watoto wao huvishwa hereni za plastiki zenye namba, kama za ng'ombe, kwenye mapezi ya nyuma, moja kila upande. Kwa nini mbili? Wanaokutwa wamebakiwa na moja ndio wanaoonyesha hereni hupotea kwa kasi gani. Halafu jike asiyezaa mwaka huu anaweza asionekane kabisa, akatokea mwakani na mtoto. Ukimhesabu kafa, umeharibu makadirio ya vifo. Ndiyo maana modeli za watafiti, yaani kanuni zao za hesabu, hukadiria kwa pamoja uwezekano wa sili kuwa hai na uwezekano wa kuonekana.