Studio karibu na uwanja wa ndege wa Entebbe: lala hapo kwanza, pesa baadaye

Usilipe. Kama pesa bado iko kwenye simu, iache hukohuko.

Mleta uzi, unataka kukodi nyumba karibu na uwanja uifanye studio ya kurekodi, na umeuliza mambo manne: ndege zipi za Entebbe zina kelele zaidi, zinapita juu ya nyumba kwa mwendo gani, ununue maikrofoni gani, na kibali cha studio kinaombwa wapi. Wadau wameshakumwagia majina ya injini mpaka basi. Ila ule mstari wako wa mwisho, ulioutupia tu kama chumvi, ndio ulioninyanyua kitandani: "Nimeenda kuiona leo saa sita mchana, pako kimya kabisa, kesho nalipa mwaka mzima."

Saa sita mchana! Dalali wako na wangu ama ni mtu mmoja, ama walikaa dawati moja shuleni.

Mimi nililipa huo mwaka. Nyumba ilikuwa upande wa kaskazini wa njia ya kurukia ndege, matofali mazuri, mwembe uani, kodi ya chini kuliko chochote ambacho ungepata Kampala. Dalali akanipeleka mchana, tukakaa barazani, na kweli ikapita ndege moja ndogo ikienda kutua. Ikapiga mluzi, ikaisha. Yule bwana akanigeukia kama mwalimu aliyemaliza somo: "Ssebo, umesikia? Hiyo ndiyo kelele yenyewe. Ndege za siku hizi ni kimya." Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na miaka mingi kwenye mambo ya sauti, nina masikio mawili, na bado nikatikisa kichwa. Cheka, nimeshazoea.

Sasa sikiliza ni kitu gani hasa nilichokisikia siku ile, maana ndicho ulichokisikia wewe leo. Ndege inayotua imepunguza sana nguvu za injini. Kinachokufikia ni mluzi wa feni ya mbele, pamoja na upepo unaokwaruza magurudumu yaliyoshushwa na vile vibawa vinavyofunguliwa nyuma na mbele ya bawa. Kwa ndege za kisasa, kelele ya mwili wa ndege wakati wa kutua inakaribia ile ya injini zenyewe. Inapita kwa kilomita kama 250 au 270 kwa saa, na kwa vile Entebbe ipo mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwendo halisi unazidi kidogo ule ambao ndege hiyohiyo ingehitaji kutua Mombasa. Sekunde chache, imepita. Na mluzi ni sauti nyembamba. Ukifunga dirisha, nusu yake imebaki nje.

Hiyo ni nusu rahisi ya hadithi, na ndiyo nusu wanayokuonyesha.

Ndege huruka na kutua zikiukabili upepo. Njia kuu ya kurukia ya Entebbe, ile ya mita 3,658, imelala karibu kaskazini kwa kusini, na kichwa chake cha kusini kinatazama ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukatoka ziwani. Basi ndege zinatua zikitokea kaskazini, injini zimepoa, na zinaruka kuelekea kusini, ambako kelele yote ya kuruka wanaila sangara. Usiku nchi kavu inapoa, upepo wa ziwani unakufa au unageuka, na marubani wakapewa ruhusa ya kuruka kuelekea kaskazini. Kaskazini ndiko nilikokuwa nimetundika kibao cha studio.

Tena ndege kubwa za masafa marefu nyingi huingia na kutoka Entebbe usiku. Na sisi watu wa kurekodi tunapenda kufanya kazi saa ngapi? Usiku, boda zikishalala. Yaani nilikodi nyumba nitumie saa zilezile ambazo viwanja vya ndege vinazitumia, na hakuna aliyenilazimisha.

Kuruka ni mnyama mwingine kabisa. Ndege ndogo za Uganda Airlines, CRJ900, zinaruka na tani zisizofika 40, ila Airbus yao kubwa, A330-800, inaruhusiwa kufika tani 251, na Boeing 777-300ER inafika 351. Uzito huo hauinuliwi kwa maombi. Injini ya GE90-115B ya hiyo 777 ina feni ya kipenyo cha mita 3.25, na ikipewa nguvu za kuruka, ncha za mapanga yake hukata hewa kwa mwendo unaozidi wa sauti. Kila panga linatengeneza wimbi lake la mshtuko, na mawimbi hayo yakikusanyika unasikia msumeno. Waliokaa mbele ya injini ndani ya ndege wanaujua. Ndege yenyewe wakati huo inaiacha ardhi kwa kilomita 300 hivi kwa saa, haijafika hata theluthi moja ya mwendo wa sauti. Nalisema hili kwa sababu kuna mdau huko juu ameandika kwamba kelele inatokana na ndege "kuvunja sauti", yaani kuupita mwendo wa sauti. Hapana mkuu. Ndege ya abiria iliyofanya hivyo kwa ratiba ya miaka mingi ni Concorde, nayo ilistaafu mwaka 2003.

Na ule mngurumo wa nyuma? Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza, James Lighthill, alionyesha kwamba nguvu ya kelele ya hewa inayotoka kwenye injini hupanda kwa kipeo cha nane cha mwendo wa hewa hiyo. Ukipunguza mwendo kwa nusu, kelele inashuka mara 256, karibu desibeli 24 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndiyo maana injini zimenenepa: badala ya kusukuma hewa kidogo kwa kasi ya kichaa, zinasukuma hewa nyingi polepole. Injini za Trent 7000 za ile A330-800 hupitisha nje ya kiini cha injini hewa kama mara kumi ya ile inayoingia ndani kuungua. Injini kuukuu za Ilyushin Il-76 za mizigo, ambazo zimewahi kutua sana Entebbe, hupitisha kama mara mbili tu. Kwa hiyo ndiyo, ndege mpya zina kelele ndogo. Dalali hakudanganya hapo, na ndiyo maana uongo wake uliingia vizuri.

Alichoacha kusema, au asichokijua, ni kwamba bomba likiwa pana na hewa ikienda polepole, sauti inashuka chini pia. Inakuwa nzito, besi tupu. Sikio linasamehe besi, maikrofoni haisamehi, na hewa haiisaidii studio yako hata kidogo, kwa sababu inameza sauti nyembamba njiani na kuiachia ile nzito isafiri. Usiku hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti inapinda na kurudi ardhini badala ya kupotelea angani. Ndege imeshapita zamani, mimi bado nasoma mita kwenye kompyuta na kutukana.

Nimepima, utasema. Una programu ya desibeli kwenye simu. Na mimi nilikuwa nayo! Programu hizo kwa kawaida husoma kwa kipimo cha A, kilichotengenezwa kufuata sikio la binadamu, na kwenye hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, besi ya chini kabisa, kinakata desibeli 30 nzima kabla hakijakuonyesha namba. Yaani kinafuta kitu kilekile kitakachokuua. Hata vile vyeti vya kimataifa vya kelele za ndege, ambavyo kipimo kimoja huchukuliwa mita 2,000 kabla ya mwanzo wa njia wakati wa kutua na kingine mita 6,500 tangu ndege ianze kukimbia, vinahesabu kero kwa sikio la mtu. Hakuna aliyefikiria kwaya.

Kwaya, jamani. Akina mama wa Katabi, sauti tamu ajabu, wamekuja na sare. Tunafika kwenye ubeti wa polepole, ndege nzito inaruka. Turudie. Tunarudia, inaruka nyingine. Mteja mmoja wa matangazo ya redio alinipigia siku nyingine kuniuliza kama nimemwekea besi chini ya sauti ya msomaji. Nikamwambia ndiyo, ndio mtindo mpya. Alipenda! Lakini huwezi kuendesha biashara kwa wateja wasiosikia.

Hapo ndipo akaja msomi wa pili, fundi wa studio, mtu mwenye kofia na maneno mengi. Akaniambia dawa ni sponji. Tukafunika kuta zote nne kwa sponji ya sentimita tano, ile ya mabonde mabonde, nyeusi na nyekundu, picha zilitoka vizuri sana. Pesa niliyompa ingenunua pikipiki. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba. Mita saba, na mimi nimelizuia kwa sponji ya sentimita tano! Sponji inaua mwangwi wa ndani, chumba kinakuwa kikavu, basi. Matokeo yake ndege nikaisikia vizuri zaidi, maana sasa hapakuwa na mwangwi wa kuificha. Trei za mayai ni ujinga uleule kwa bei nafuu, kwa hiyo aliyekushauri trei huko juu angalau anakupenda.

Kinachozuia besi ni uzito na kuziba matundu. Ukuta wa tofali ulikuwa tayari unafanya kazi yake. Kila ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli sita tu. Lakini ndege haiji kwa ukutani. Juu yangu kulikuwa na mabati membamba, chini yake silingibodi nyepesi, na juu ya kila dirisha yale matundu ya hewa ambayo nyumba zetu zote zinayo. Fundi alipamba pande nne na kuacha ile ya tano iliyokuwa inatazama injini. Nilipomuuliza akasema paa ni "kazi ya seremala". Nikimkuta mtaani Kitooro nitamnunulia rolex, ile chapati ya mayai, nimkalishe, nimuulize tena taratibu.

Nilijaribu pia kukata besi kwenye kompyuta. Ukikata chini ya hezi 80, sauti ya mwanamke inabaki salama, ila mngurumo wenyewe unapanda hadi hezi mia mbili na zaidi, mahali ambapo kifua cha mwanamume kinaishi. Ukiukata wote, mchungaji anasikika kama anahubiri kwa simu.

Sasa fanya hivi. Mwambie mwenye nyumba unataka kulala pale kabla ya kulipa, usiku mzima, na usiku wenye ndege kubwa. Ratiba za kuwasili na kuondoka zipo wazi mtandaoni, zitazame uone nzito zinatoka saa ngapi. Beba kinasa sauti na maikrofoni yako halisi, usitegemee simu. Kiweke katikati ya chumba utakachotumia, madirisha yamefungwa, kiache kirekodi mpaka asubuhi bila kichujio chochote. Kesho yake vaa hedifoni nzuri usikilize kila ndege iliyoruka, na uandike ilielekea upande gani. Kama usiku huo zote ziliruka kuelekea ziwani, hujapima kitu, rudi tena upepo ukibadilika. Muulize mwenyekiti wa LC, yaani wa serikali ya mtaa, pia, na mama anayeuza matoke kando ya barabara. Dalali usimuulize lolote. Akikupigia, mwambie uko studio unarekodi.

Mwenye nyumba akikataa usilale, umepata jibu bila kutoa hata shilingi. Akikubali, nenda na neti. Mbu wa ziwani nao watakuwa kwenye rekodi, lakini hao unaweza kuwafuta.