Nguzo hazifanani kwa makusudi
Ndugu, umeuliza kama nguzo za makumbusho ya historia ya asili ya Chuo Kikuu cha Oxford hazifanani kwa sababu pesa ziliisha. Hapana. Kila nguzo ni jiwe la aina tofauti kutoka Uingereza na jirani zake, ili mwanafunzi wa jiolojia asome miamba huku akitembea. Jengo lilifunguliwa 1860. Vichwa vya nguzo ndivyo vinavyonigusa zaidi: akina O'Shea, mafundi kutoka Ireland, walichonga majani wakitazama mimea halisi iliyoletwa kutoka bustani ya chuo. Mimi hapa Nairobi najengea mawe ya Ndarugo yaliyokatwa na mashine. Wao walichonga hata mshipa wa jani kwa patasi; mkono ukiteleza kidogo tu, jiwe limeharibika.