Kibali Kabla ya Msingi

SWALI: Mhariri, kwa nini wachumi wa Marekani hufuatilia vibali vya kujenga nyumba za familia moja, ilhali kibali si nyumba?

JIBU: Ndugu msomaji, kibali hutangulia kuchimbwa kwa msingi, na mjenzi hakilipii ada pasipo kutarajia mnunuzi, ndiyo maana takwimu hizo, ambazo Idara ya Sensa huzitoa kila mwezi, huonyesha mapema soko linakoelekea. Mwaka 2005 vilitolewa takriban vibali milioni 1.68, lakini mwaka 2011 vilikuwa takriban 418,000 tu, anguko lililowaumiza mafundi wengi. Vibali vya majengo ya fleti huyumba zaidi, kwani mradi mmoja huleta mamia ya makazi kwa mpigo. Nakusihi usihukumu kwa takwimu za mwezi mmoja.