Maswali ya Wasomaji: Je, Mhindu Husamehewa Dhambi?

SWALI: Mimi ni Mkristo na nimefanya kazi kwa miaka mingi katika duka la mzee mmoja Mhindu hapa Mombasa. Mwenzetu mmoja alishikwa akiiba, akaomba radhi, na mzee akamsamehe na kumrudisha kazini. Baadaye mzee alituambia kwamba yeye amesamehe, lakini karma haisamehi. Kanisani tunafundishwa kwamba Mungu akisamehe, amesamehe. Je, kwa Wahindu hakuna msamaha wa dhambi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Maneno ya mzee huyo hayapingani na kitendo chake. Katika mafundisho ya Kihindu, kusameheana ni jambo la aliyekosa na aliyekosewa, ilhali karma ni kanuni kwamba kila tendo huzaa tunda, na tunda hilo humfuata mtendaji, kama si katika maisha haya basi katika yale yatakayofuata. Radhi ya mwenye duka imemwondolea mwenzenu hasira na adhabu ya mwenye duka. Tendo lenyewe haikulifuta. Mkristo huanzia penginepo. Kwake dhambi ni kwanza kabisa kumwasi Mungu, na ndiyo maana Daudi, baada ya kumchukua mke wa Uria na kumwua Uria kwa upanga wa adui, aliomba katika Zaburi ya 51 akisema, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Ikiwa aliyekosewa ni Mungu, basi Mungu anao uwezo wa kufuta deni lote.

Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba Ukristo ni dini ya neema na Uhindu ni dini ya hesabu. Vitabu vya Wahindu vinakataa hitimisho hilo. Katika Rigveda, kitabu chao cha kale kuliko vyote, mwonaji Vasishtha anamlilia mungu Varuna amweleze ni kosa gani lililomkasirisha, na anaomba afunguliwe kutoka makosa yake na ya baba zake. Katika Bhagavad Gita, kitabu chao kingine kitakatifu, shujaa Arjuna anamsihi mungu Krishna amvumilie kama baba anavyomvumilia mwana na rafiki anavyomvumilia rafiki. Na karibu na mwisho wa kitabu hicho, katika sura ya 18, Krishna anamwahidi kwamba akimkimbilia yeye peke yake, atamwokoa na dhambi zote. Hata ibada ya kila siku hufungwa mara nyingi kwa sala ambayo mwabudu anakiri kwamba hutenda makosa maelfu usiku na mchana, na anaomba ahesabiwe kuwa mtumishi na kusamehewa.

Tena wamebishana juu ya neema kwa ukali usiopungua ule wa Wakatoliki na Waprotestanti. Waabuduo mungu Vishnu katika nchi ya Watamili, kusini mwa India, waligawanyika makundi mawili: wengine hushikilia kwamba mwanadamu huokolewa kama mtoto wa nyani, ambaye hana budi kumshika mama yake kwa mikono yake mwenyewe, na wengine kwamba huokolewa kama mtoto wa paka, ambaye mama humbeba kwa meno bila yeye kufanya lolote. Nadhani mchungaji yeyote aliyesoma barua za Paulo angeuelewa ubishi huo mara moja.

Kati ya neema na karma pana kitu cha tatu ambacho Wakristo wengi hawakijui, nacho ni malipizi, yaani prayashchitta. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zimetenga sura nzima kwa ajili yake: mfungo, sadaka, kukariri maandiko, na kwanza kabisa kuungama. Zinasema kwamba mkosaji aliyejuta hufunguliwa kosa lake, ila hutakaswa kwa kuazimia kutolirudia. (Sheria hizo hizo zilipima uzito wa kosa kwa tabaka la mkosewa, jambo ambalo halina utetezi, na B. R. Ambedkar, mtetezi wa watu wa tabaka la chini, na wenzake walizichoma hadharani huko Mahad, India, mwaka 1927.)

Mfano ulio wazi wa maungamo hayo ni Mohandas Gandhi. Akiwa na umri wa miaka 15 alikata kipande cha dhahabu kutoka kikuku cha kaka yake ili kulipa deni. Dhamiri ikamsumbua, akaandika maungamo kwenye karatasi, akaomba aadhibiwe na kuahidi kutoiba tena, kisha akampa baba yake aliyekuwa mgonjwa amelala juu ya kitanda cha mbao. Baba aliinuka kusoma, machozi yakalowesha karatasi, akafumba macho kidogo, akaichana na kulala tena bila kusema neno. Mzee wako wa Mombasa angemwelewa baba huyo vizuri kabisa.

Tofauti inaonekana kujitokeza katika tukio jingine la maisha ya Gandhi huyo huyo. Baada ya kuwasili Afrika Kusini mwaka 1893, Mkristo mmoja wa Plymouth Brethren, kundi la Kiprotestanti, alimwambia huko Pretoria kwamba Wahindu hujitaabisha bure kurekebisha makosa yao, kwa maana hatuwezi kuishi bila dhambi, na Yesu amekwisha kuibeba. Gandhi alijibu kwamba yeye hatafuti kukombolewa na matokeo ya dhambi, bali na dhambi yenyewe, au hata wazo lake. Mwenyewe aliandika kwamba alijua si Wakristo wote walioamini hivyo, na tunapaswa kumshukuru kwa uangalifu huo. Hata kwa Wakristo msamaha haufuti matokeo yote: Daudi alisamehewa, lakini mtoto wake alikufa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Na Wakatoliki hufundisha toharani kwa sababu msamaha hauondoi adhabu yote ya muda.

Kwa maoni yangu, yanayotenganisha dini hizi kwa kweli ni mawili. La kwanza ni msalaba: Mkristo anaamini kwamba dhambi ililipiwa na mwingine, mara moja, mahali panapojulikana, na Uhindu hauna tukio la namna hiyo. La pili ni muda. Mkristo hufa mara moja kisha huja hukumu. Mhindu ana maisha mengi ya kujirekebisha, na chanzo cha uovu wake hakitajwi kuwa uasi wa Adamu bali kutojua, yaani kutoitambua asili yake ya kweli.

Kuhusu kumsamehe jirani, Yesu hakuacha mlango: saba mara sabini, na asiyesamehe hasamehewi. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindu, jambo hilo linajadiliwa. Mfalme Yudhishthira anasifu msamaha kuwa ndio unaoshikilia ulimwengu, naye mkewe Draupadi, aliyedhalilishwa mbele ya baraza zima, anasema kwamba anayesamehe daima hudharauliwa hata na watumishi wake. Kitabu kinawaacha wote wawili waseme.

SWALI: Rafiki zangu wa jamii ya Oshwal hapa Nairobi hutuma kila mwaka ujumbe wa "Michhami Dukkadam" wakiomba msamaha. Je, hii ni sikukuu ya Wahindu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hapana, ni ya Wajaini, dini nyingine ya kale ya India ambayo Waoshwal wengi wa Kenya huifuata. Ujumbe huo hutumwa siku ya Samvatsari, mwishoni mwa mfungo wa Paryushan, mwezi wa Agosti au Septemba. Mjaini hamwombi Mungu afute dhambi, kwa kuwa hamwamini Muumba anayehukumu. Anawaomba radhi watu na viumbe vyote aliowaumiza, akijua au bila kujua. Unaweza kumjibu kwa maneno yale yale.