Muziki kwenye video za familia: sikiliza kwanza ulichorekodi

Ukishahamishia klipu zako kwenye kompyuta, mkono utakuwasha uanze kutafuta wimbo. Subiri. Kata picha kwanza mpaka uridhike, kisha icheze video yote ukiwa umefumba macho. Hapo utasikia ulichonacho: mtoto akicheka, mlango ukigongwa, mtu akimwita mwenzake. Pale pasipo na sauti ya maana ndipo panapotaka muziki.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Video yangu ya kwanza ilikuwa ya bibi akinisimulia ujana wake. Upepo ulikuwa unavuma kwenye maikrofoni, nikaona kero, nikazima sauti ya klipu na kumwekea wimbo niliokuwa naupenda siku zile. Halafu nikafuta klipu za asili ili nipate nafasi kwenye diski. Leo nina dakika nne za bibi akifumbua na kufumba mdomo, na wimbo wenyewe nimeshauchoka.

Kwa hiyo klipu za asili usizifute, na muziki uukalishe kwenye traki yake peke yake, yaani mstari wake wa kuhariria, mbali na sauti ya klipu. Shotcut, OpenShot na Kdenlive ni programu za bure, na zote zinaruhusu traki nyingi.

Mtu anapozungumza, ushushe muziki uwe chini ya sauti yake kwa desibeli 15 hadi 20. Usiushushe kwa video nzima. Weka nukta mbili kwenye mstari unaoonyesha ukubwa wa sauti ya muziki kabla tu hajafungua kinywa, zipishane kama sekunde moja, kisha uivute chini ile ya pili. Akimaliza, fanya hivyo hivyo kuupandisha. Epuka nyimbo za maneno chini ya mazungumzo. Ni kama watu wawili wanaongea kwa pamoja, na anayeimba ndiye anayeshinda. Chagua ala tupu. Angalia pia kipimo cha sauti kwenye programu kisigonge desibeli 0, maana sauti iliyokwaruza kwa kuzidi hapo hairekebishiki ukishatoa faili la mwisho.

Masikio yako yatakudanganya. Umeyasikia maneno yale mara 30, umeyakariri, kwa hiyo utayasikia hata yakizama kabisa. Mwite mtu ambaye hajaiona video, mchezee kwa spika ya simu, mwulize kimesemwa nini.

Wimbo ukizidi urefu wa picha, wengi huukata mkia. Mimi hukata tumbo. Mwisho wa wimbo naupanga uangukie kwenye mwisho wa picha, kisha naondoa ubeti mmoja katikati. Kuza mchoro wa mawimbi ya sauti mpaka uone vilele vya ngoma, ukate kwenye kilele kinachoanza ubeti, uunganishe na kilele kinachoanza ubeti mwingine. Ukikosea hata kidogo, mguu unaopiga mdundo utakwambia.

Jambo dogo linaloliza wengi: faili la mradi, lile programu inamohifadhi kazi yako, halibebi muziki, linakumbuka tu mahali muziki ulipo. Nakili wimbo kwenye folda ya mradi kabla ya kuutumia. Na kama midomo inaachana na sauti kadiri video inavyoendelea, huenda simu ilirekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika, yaani idadi ya picha kwa sekunde haikuwa moja. Geuza klipu ziwe na kasi moja kabla ya kuhariri.

Ukitaka kuipandisha YouTube, mfumo wao wa Content ID unautambua muziki, na mwenye haki anaweza kuizuia video au kuchukua mapato ya matangazo yake. Kumtaja msanii hakugeuki kibali. Tumia maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe, au muziki wenye leseni ya Creative Commons, ambayo kwayo mtunzi anaruhusu kazi yake itumike kwa masharti aliyoyataja. CC0 haidai chochote, CC BY inadai umtaje mtunzi, na yenye ND (NoDerivatives, yaani usiibadilishe kazi) iache, kwa sababu kuuoanisha wimbo na picha kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha. Siku unapopakua, andika jina la mtunzi, leseni na anwani ya ukurasa kwenye faili dogo la maandishi, ulihifadhi kwenye folda ile ile ya wimbo.