Usichome hivyo vikombe 36 mpaka uangalie kama kuna sifuri mbele ya hiyo 6

Mkuu, simamisha. Sijamaliza hata kusoma uzi wako nimeanza kuandika, kwa hiyo ukiona nimeruka maswali yako mengine usinihukumu. Nimefika pale uliposema umenunua glezi ya unga (ile rangi inayoyeyuka kwa moto na kuwa kioo juu ya chombo) ya "koni 6", udongo umeletewa kutoka Ikombe, kule Ziwa Nyasa kwa wafinyanzi wa Kikisi, kwa mama mmoja, vikombe 36 vya harusi ya dada yako vimeshachomwa mara ya kwanza, na Jumamosi unakodi tanuri la umeme. Hapo hapo tumbo likanikata.

Hiyo ni hadithi yangu mimi, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba vyangu vilikuwa 41, vilikuwa vya kitchen party ya shemeji, na udongo ulitoka Turiani kwa shangazi.

Nianze na hiyo namba maana ndiyo iliyonimaliza. Koni ni kipande kidogo kilichochongoka kama jino la mamba, kimetengenezwa kwa udongo na madini, unakisimamisha ndani ya tanuri. Moto ukifika kiwango chake, kinainama. Kila koni ina namba yake. Sasa sisi wote tulifundishwa kwamba sifuri ikitangulia haina thamani, 06 ni 6, hata mtoto wa darasa la pili anakuambia. Kwenye ufinyanzi hapana. Koni 06 inainama moto ukiwa karibu na nyuzi 1000 za Selsiasi. Koni 6 inainama kwenye 1222 hivi. Ni zaidi ya nyuzi 200 katikati hapo, zimefichwa ndani ya kiduara kimoja kisicho na kitu.

Chanzo chake ni cha zamani. Hermann Seger, Mjerumani, ndiye aliyetoa koni hizi mwaka 1886, akahesabu kuanzia 1 kwenda juu kwa ajili ya watu wa kauri. Baadaye zikahitajika koni za moto mdogo, na chini ya 1 hakuna kitu, basi wakabandika sifuri mbele na kuhesabu kinyumenyume. Ndiyo maana 010 ina moto mdogo kuliko 06. Ukiona ajabu usijali, mimi nilielewa nikiwa nimeshalipa.

Sasa sikia ilivyokuwa. Nilinunua glezi ya bluu kwa muuzaji mmoja Dar, simtaji, ananijua na mimi namjua. Alikuwa anaipunguza kutoka kwenye ndoo kubwa na kuifunga kwenye mifuko ya nailoni, juu ameandika kwa makapeni "BLUU 6". Nikampigia simu kuhakikisha, maana mimi nilijiona mtu makini. Nikamuuliza, "Hii ni ya koni ngapi?" Akajibu, "Sita, kaka, sita." Hakusema sifuri sita. Kwake yeye anayeuza kila siku sifuri ni kitu cha kumeza tu, kama sisi tunavyomeza sifuri ya mwanzo ya namba ya simu. Lakini mimi ndiye niliyekuja kuilipia.

Nikaenda kwa dada mwenye tanuri. Akaniuliza swali moja tu, na kila nikilikumbuka natamani dunia ipasuke niingie: "Udongo wako unahimili moto gani?" Mkuu, nilikuwa nimeangalia video nyingi mno wiki hiyo. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Hamna shida, ni wa koni sita." Nani aliniambia? Hakuna mtu. Nilichukua namba ya glezi nikaivisha udongo. Halafu kuna yule jamaa wa video, mwenye ndevu na aproni safi kuliko shuka la hoteli, anayesema udongo wowote utakaouchimba nyuma ya nyumba yako "utakupa zawadi". Kaka, mimi ulinipa zawadi.

Tukapanga rafu tatu. Tukawasha jioni, tukapandisha mpaka koni 6, kesho yake mchana wote tanuri linapoa, kesho kutwa saa moja asubuhi tukafungua. Mimi nilikuwa nimeshaandaa simu nirekodi.

Rafu ya juu vikombe havikuwepo. Nasema havikuwepo. Kulikuwa na ziwa jeusi la kahawia linalong'aa, limejaa mapovu yaliyogandia kama maandazi yaliyoumuka kupita kiasi, na katikati yake mkono wa kikombe kimoja umechomoza juu kama mtu anazama anaomba msaada. Ile bluu ilikuwa imetiririka yote, ikapita ukingoni mwa rafu, ikadondokea rafu ya pili, kutoka hapo mpaka kwenye tofali za sakafu. Vikombe vya pembeni vilikuwa vimeegemea ukuta na kulamba koili, zile nyaya zinazopasha moto tanuri. Udongo ulioyeyuka ukigusa koili ya tanuri umeshaimaliza, inakwenda kukatika.

Dada wa watu hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza taratibu, "Ulisema ni udongo gani?"

Rafu tatu zinazoagizwa kutoka nje, koili mbili, tofali sita za sakafu, fundi, na siku zake nane za kazi zilizolala. Ikafika shilingi milioni moja na laki tisa. Nililipa kwa miezi saba. Shemeji akapewa seti ya glasi za dukani na hadi leo kwenye vikao vya familia akiletewa chai anageuza kikombe chini juu anakagua, wote wanacheka, na mimi nacheka, nifanyeje. Ile rafu ya juu niliomba niondoke nayo. Inazuia mlango wa stoo. Nadhani ndiyo sahani ya majivu ya sigara ghali kuliko zote mkoani, na mimi hata sivuti.

Mbona iliyeyuka? Udongo mwekundu wa mtoni umejaa chuma. Chuma ndicho kinachoupa wekundu, na moto ukiwa mkali chuma hicho hicho, pamoja na vitu vingine vinavyokuja na matope, vinasaidia udongo kuyeyuka mapema. Humo ndani gesi zinatafuta pa kutokea, ndipo mapovu. Kwa hiyo udongo ambao kwenye nyuzi 1000 ni kigae kigumu kinacholia kikigongwa, kwenye 1222 unaweza kuwa uji.

Na hapa usinielewe vibaya kuhusu udongo wa Ikombe. Vyungu vya Wakisi nimekula navyo tangu utoto, vinatoka Matema vinaenea Kyela mpaka Mbeya mjini, na wale akina mama wanajua wanachofanya. Lakini wanachoma nje, kwa kuni na nyasi. Moto wa namna hiyo kwa kawaida unacheza kati ya 600 na 900, na udongo wao wameuchagua kwa moto huo. Huyo mama hakukudanganya kukuambia ni udongo mzuri. Hukumwambia tu kwamba unakwenda kuupandisha nyuzi 300 juu ya alizozizoea. Ukitaka kuuheshimu udongo kama huo hata glezi si lazima. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hapaki glezi kabisa. Anapaka udongo laini, anasugua mpaka chombo king'ae chenyewe, halafu anacheza na moto na moshi kipate rangi ya chungwa au nyeusi. Vyombo vyake viko kwenye makumbusho makubwa duniani. Sema yeye hanywei chai humo.

Sasa kanuni yangu, na hii hata uniamshe usiku wa manane nakutajia: hakuna chombo kinachoingia kwenye tanuri la moto wa glezi kabla kipande cha udongo ule ule, chenye glezi ile ile, hakijaingia kwenye tanuri lile lile na kutoka salama. Siyo udongo unaofanana. Siyo tanuri la rafiki yako. Ule ule, ile ile, lile lile.

Namna ninavyofanya siku hizi: natengeneza vijiti vya udongo, urefu wa kama sentimita 12, unene wa kidole. Nakausha wiki nzima kivulini, nachoma mara ya kwanza. Kijiti kimoja nakilaza kama daraja juu ya vipande viwili vya tofali la tanuri, na chini yake naweka kisahani kikavu nilichopaka uji wa kaolini (udongo mweupe) na alumina (unga usioyeyuka kwa moto huu), ili kikiyeyuka kiyeyukie humo na siyo kwenye rafu ya mtu. Ukimwomba mwenye tanuri hilo hilo kona moja siku anachoma 06, halafu kona nyingine siku anachoma moto wa juu zaidi, hakuna anayekukatalia kwa kisahani. Kijiti kikitoka kimenyooka, udongo umehimili. Kikitoka kimebonyea katikati kama kitanda cha kamba cha zamani, umeshavuka mpaka wake. Wa kwangu wa Turiani ulibonyea kwenye 1120. Yaani ningetumia kisahani kimoja na kijiti kimoja ningejua. Kijiti kimoja, mkuu. Milioni moja na laki tisa.

Kijiti cha pili nakipima kwenye mizani ya jikoni kikiwa kikavu, nakichemsha kwa muda wa saa mbili, nakiacha majini usiku, nakipima tena. Changu kilichochomwa 06 kilikunywa gramu 13 kwa kila gramu 100. Hiyo maana yake kikombe kinategemea glezi peke yake kuzuia chai, na glezi ikiwa na nyufa zile nyembamba kama unywele, kitatoa jasho chini na kuacha duara kwenye kitambaa cha meza. Kwa harusi hilo nalo liwaze.

Glezi nayo ipake kwenye kigae kilichosimama wima, nusu mkono mmoja, nusu mikono miwili, maana ikilala hutajua kama inatiririka. Chini acha wazi kama upana wa kidole kidogo, paka nta ya mshumaa isishike. Na mambo yakiwa kinyume, yaani glezi ni ya 6 kweli na wewe ukachoma 06 kuokoa udongo, haitayeyuka. Itabaki unga mkavu unaokwaruza midomo kama chaki. Kwa hiyo kama mfuko wako umeandikwa 6 na ni 6 kweli, hiyo glezi na huo udongo hawaoani. Tafuta glezi ya moto mdogo, usitafute namna ya kuwalazimisha.

Uliuliza na jivu la mgomba la kutengenezea glezi. Jivu linataka moto wa juu, 1200 na kuendelea, kwa hiyo kwa udongo wako lisahau. Na ukilichezea siku nyingine vaa glavu, maji yake ni magadi matupu. Mimi ngozi ya vidole ilichunika wiki mbili, ila hiyo ni hadithi nyingine na sitaki mzidi kunicheka.

Gurudumu la mguu au la umeme, na bei ya kuuza kikombe, nimeona umeuliza. Wadau wengine watakusaidia, mimi bado natumia la mguu nililochongewa na seremala na linalia kama panya. Wewe sasa hivi nenda kachukue huo mfuko wa glezi, ugeuze nyuma, upige picha maandishi yote uweke hapa. Kama ni mfuko wa nailoni ulioandikwa kwa makapeni, usinijibu mimi, mpigie muuzaji umuulize hivi: "Sita, au sifuri sita?" Na akikujibu "sita, kaka, sita," mwambie akutumie picha ya ndoo.