Maswali ya Wasomaji: Mgonjwa Mahututi Hapangi Foleni

SWALI: Shikamoo daktari. Hivi karibuni tulimkimbiza baba yetu hospitali usiku akihema kwa shida. Getini mlinzi alituelekeza dirisha la kadi, tukapanga foleni nyuma ya watu wenye mafua na maumivu ya jino, na muuguzi alikuja tu baada ya sisi kupiga kelele. Je, katika idara ya dharura aliyewahi kufika ndiye anayetibiwa kwanza? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na mpe mzee pole zangu. Hapana, haiwi hivyo. Katika idara ya dharura nafasi ya mgonjwa hutegemea uzito wa hali yake, na kazi ya kuwapambanua wagonjwa kwa namna hiyo, ambayo wahudumu huiita triaji, hutakiwa kufanyika mlangoni kabla ya kadi na kabla ya malipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na washirika wake huwagawa wagonjwa katika rangi tatu: nyekundu, njano na kijani. Asiyeitika anapoitwa, anayehema kwa shida, anayetokwa na damu nyingi au aliye katikati ya degedege ni wa rangi nyekundu, naye huingizwa ndani moja kwa moja huku ndugu wakishughulikia kadi baadaye.

Ulichokieleza kinaonyesha jambo ambalo hospitali nyingi hazipendi kulikiri, kwamba mtu wa kwanza kuamua nani apite na nani asubiri ni mlinzi, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha. Sioni faida ya kumlaumu. Yeye pamoja na karani wa kadi wafundishwe dalili za hatari, kisha wapewe ruhusa ya kumwita muuguzi bila kumwomba mtu yeyote. Muuguzi wa mlangoni naye akae hapo zamu nzima, asichomolewe kwenda kuchoma sindano wodini, na ahesabu pumzi kwa kweli. Fungua mafaili ya hospitali nyingi utakuta kila mgonjwa, kijana kwa mzee, anapumua mara 20 kwa dakika, tarakimu ambayo huandikwa bila hata kukitazama kifua. Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika anatakiwa aonwe bila kuchelewa, hata kama ameingia kwa miguu yake.

SWALI: Mimi ni muuguzi mfawidhi wa idara ya dharura katika hospitali ya wilaya. Kila mwaka watumishi wawili au watatu huenda semina na kurudi na vyeti, lakini mgonjwa akizimia, hali huwa ileile: watu wanagongana na mfuko wa kusukumia hewa hauonekani. Bajeti yetu ni ndogo. Nianzie wapi? – Muuguzi, Mbeya

JIBU: Anzia hapo hapo idarani, dada. Ushahidi mzuri tunao nchini mwetu, ingawa umetoka leba. Mwaka 2010, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, wahudumu walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa kwa mdoli walifanya vizuri zaidi kuliko awali, lakini watafiti walipotazama wanachofanya kwa watoto wenyewe hawakuona mabadiliko. Baadaye mafunzo yakageuzwa kuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, yanayofanyika palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kwa maoni yangu, fedha nyingi tunazolipia kumbi na posho zingefaa zaidi zikigharimia mdoli mmoja na muda wa mtu wa kusimamia mazoezi.

Kwa hiyo, kila mnapokabidhiana zamu, tengeni dakika chache za zoezi moja tu, mkitumia kitanda chenu, mtungi wenu wa oksijeni na kabati lenu wenyewe. Leo iwe mgonjwa asiyepumua, kesho mwenye sukari iliyoshuka. Kosa la mfuko wa hewa usioonekana litajulikana siku ya zoezi. Kabla ya zamu kuanza, andikeni ubaoni nani atashika njia ya hewa, nani ataweka dripu, nani ataandika muda na dawa, na nani ataongoza; kiongozi asishike kitu kingine. Baada ya kila mgonjwa mahututi, awe amepona au amefariki, kaeni pamoja mjadili kilichokwenda vizuri na kilichokwama, bila kutafuta wa kufokewa.

Semina si za kutupwa. Kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2018 baada ya kujaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, inawafaa wauguzi na waganga wasio mabingwa, na mabingwa bado hawatoshi: Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura na mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yakaanza Dar es Salaam mwaka 2010 tu. Lakini mwombe mganga mfawidhi kwamba aliyesoma asihamishiwe wodi nyingine mara tu anaporudi. Hilo halihitaji bajeti, na ndilo nililoona likipuuzwa zaidi ya yote.

SWALI: Ndugu yangu aligongwa na bodaboda, tukaambiwa tulete PF3 kwanza. Ni sawa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si sawa kwa majeruhi anayetokwa na damu. PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha aliyoyakuta ili itumike kama ushahidi; haizuii damu. Wasomaji wetu wa Kenya wana Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010, inayokataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hospitali inaweza kubandika mapokezi namba ya simu ya kituo cha polisi kilicho karibu, ndugu mmoja akaenda kuifuata fomu wakati majeruhi anahudumiwa, na daktari akaijaza kwa utulivu baada ya damu kukatika.